Aliyeonja kwa Masikio

Hadithi hii ina sufuria moja kubwa, bibi mmoja mkaidi na waumini mia moja wenye kiu. Sufuria tutaikuta mbele. Tuanze na bibi.

Bibi huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na mmoja. Alipika maharage ya watoto mia nne, na Ramadhani zote hizo alipika akiwa amefunga. Alikuwa akichovya ncha ya ulimi kwenye mwiko, anapima chumvi, anatema, anaendelea. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kurudisha sahani. Hilo la sahani alilisema mwenyewe, mara nyingi, hata kwa watu ambao hawakuuliza.

Baada ya kustaafu alihamia ghorofa ya pili kwa binti yake, ambaye ni muuguzi. Mle ndani kulikuwa pia na mjukuu wa miaka tisa, msichana, ambaye Bibi alimwita Mke Mwenza. Marehemu babu alimpenda mtoto yule kuliko mtu yeyote nyumbani, na Bibi alisema mtu aliyemnyang'anya mume hawezi kumwita mjukuu.

Sasa mwaka huo, wiki moja kabla ya mwezi kuandama, daktari alizisoma karatasi za sukari na presha za Bibi, kisha akavua miwani. Bibi akajua mambo yameharibika, maana habari nzuri daktari huzitoa na miwani yake usoni.

"Mwaka huu hufungi, mama," daktari alisema. "Vidonge hivi ni kutwa mara tatu, na kila kimoja kinataka chakula."

"Nitavimeza vyote vitatu alfajiri."

"Hapana."

"Basi viwili alfajiri, kimoja..."

"Hapana, mama."

"Kijana mzuri, lakini hajui kupatana," Bibi alimwambia binti yake wakishuka ngazi za hospitali.

Wakapita kwa imamu wa msikiti wa mtaa, Bibi akiwa na matumaini kwamba huyu angalau atatetea funga. Imamu naye akasema yale yale. Mgonjwa wa maradhi yasiyoisha ana ruhusa, alishe maskini mmoja kila siku, na Mungu hamtwishi mtu mzigo asiouweza. Ikapangwa kwamba sahani ya kwanza ya kila jioni itakwenda kwa mzee mmoja asiye na ndugu, anayekaa karibu na mlango wa msikiti. Muuguzi akaridhika. Imamu akaridhika. Bibi naye alisema ameridhika, ila alisema haraka mno.

Siku ya kwanza ya mwezi alikula kweli. Saa saba mchana alikaa jikoni peke yake na sahani yake, nyumba nzima kimya kama mtu aliyezuia pumzi, na kila alipotafuna akajisikia anapiga kelele. Jioni walikaa wote mkekani, kila mtu na tende yake mkononi, masikio yote dirishani yakisubiri adhana. Bibi naye alishika tende. Akaangalia mkono wa binti yake, unatetemeka kidogo kwa kutwa nzima ya wodini bila tone la maji. Akaangalia wa kwake. Umetulia kama mkono wa mtu anayesubiri basi.

Adhana ilipoita, binti akafumba macho kwa lile funda la kwanza. Bibi anaijua ladha ile. Maji yanashuka na mtu anayasikia mpaka yanapofika, na mahali yanapofika panasema alhamdulillah penyewe, bila mdomo. Akanywa ya kwake, kutoka jagi lile lile. Yalikuwa maji.

Ukitaka kumfahamu vizuri, mfikirie mtu aliyehudhuria harusi ya ukoo wake kila mwaka kwa miaka sitini, halafu mwaka mmoja akawekwa dirishani achungulie. Analetewa pilau, analetewa soda, anaambiwa wewe kula tu, usisumbuke. Lakini yuko dirishani.

Usiku ule, kabla ya kulala, alijifunika shuka mpaka kichwani na kunong'ona nia yake kama alivyofanya tangu akiwa msichana. Nimenuia kufunga kesho. Kisha akatega sikio humo humo ndani ya shuka, kama kuna atakayepinga. Hakuna aliyepinga.

Sasa mtihani ulikuwa ni Mke Mwenza. Kuanzia siku ile ya pili shule zilikuwa zimefungwa, naye alikuwa anafunga nusu siku kama watoto wanavyoanza, anafungulia saa saba mchana. Muuguzi alikuwa anaacha sahani mbili zimefunikwa kabatini, na kidonge kimoja juu ya kisosi.

"Mama amesema nihakikishe umekula," Mke Mwenza alisema, mikono kiunoni. "Na kidonge nikione kinaingia."

"Sawa, askari. Lakini kwanza, kitendawili."

"Tega." Mtoto alikaa chini hapo hapo. Kwa vitendawili alikuwa mlevi.

"Mgeni wangu akifika, tunaacha kula kwa ajili yake, na yeye mwenyewe hali."

Mke Mwenza alifikiri. Akasema mwizi. Akasema mwenye nyumba. Akasema shangazi, yule mwenye vidonda vya tumbo. Mwisho akanyoosha mikono. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji siutaki. Mimi na magoti haya nitaufagia lini? Nipe kimya. Wewe utakula sahani zote mbili, kidonge nitakiweka mwenyewe ninapopajua, na mama yako hutamwambia kitu. Mwezi ukiisha nakupa jibu."

"Bibi, wewe umefunga?"

"Nimekuuliza kitendawili, hujanijibu. Sasa unaniuliza mimi?"

Mtoto akaiangalia sahani ya pili. Ilikuwa na kipande kikubwa kuliko cha kwake. Wakashikana mikono. Kidonge kikaingia katika kiboksi cha kibiriti, na kiboksi kikaingia kifuani mwa Bibi, maana mtu aliyelelewa na shida hatupi kitu.

Jioni ya siku hiyo, adhana ilipoita, Bibi alikunywa funda la kwanza na macho yakamjaa machozi. Muuguzi akamuuliza kuna nini. Akasema tende ina kokwa kubwa.

Mambo yakaenda vizuri siku moja nzima. Siku ya tatu ya mwezi, saa kumi jioni, muuguzi alisimama mbele ya sufuria na kijiko mkononi.

"Mama, hebu nionjee chumvi. Wewe si hujafunga."

Hilo Bibi hakuwa amelipanga. Akisema hapana, atajulikana. Akimeza, funga imekwenda. Na ule ujuzi wake wa kuchovya ulimi na kutema nao haufai, kwa sababu mtu ambaye hajafunga atatema kwa nini? Akakichukua kijiko. Akageukia dirishani, kana kwamba anataka mwanga, akakifikisha karibu na mdomo, akapiga ulimi wake mtupu kwenye kaakaa mara mbili. Wakati huo huo akatega sikio.

Yeye husema, na mimi nakueleza kama alivyosema, kwamba sufuria isiyo na chumvi huchemka kwa sauti ya bubu, na ikishakolea huanza kuongea. Miaka thelathini na mmoja si mchezo. Akasikiliza, akanusa mvuke, akauliza, "Umeweka kiasi gani?" Akajumlisha hayo yote kichwani.

"Ongeza kidogo. Ncha za vidole."

Jioni kila mtu alisifu. Muuguzi akamwambia jirani kwenye ngazi kwamba mwaka huu wana bahati, nyumbani kwao yuko mtu wa kuonja. Ngazi za nyumba za ghorofa hazitunzi siri. Siku ya nne zikaja bakuli tatu. Siku ya tano, kuanzia saa kumi, wanawake walipanga foleni mlangoni kama kliniki, kila mmoja na kibakuli chake kimefunikwa, na Bibi amekaa kwenye kiti cha mkono, anapokea, anageukia dirishani, anapiga ulimi.

Hapo sauti ya sufuria haikuwepo tena. Alikuwa anakwenda kwa harufu, na kwa tabia ya mpishi. Huyu ana haraka, huyu bahili, huyu amegombana na mumewe tangu jana.

"Wewe umezidisha. Tia kiazi kimoja kikanyonye."

"Umejuaje, Mama?"

"Ulimi, mwanangu. Ulimi."

Mke Mwenza alikuwa pembeni anajing'ata shavu asicheke. Na Bibi, tusimsingizie utakatifu, alikuwa anafurahi sana. Tumbo lilikuwa linamwunguruma chini ya kanga, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye, mtoto na Mungu, na aliona kama wote watatu wako upande mmoja.

Ikaja siku ya sita. Ilikuwa zamu ya mshonaji wa ghorofa ya chini kupeleka futari msikitini, supu ya dengu ya watu mia moja. Mshonaji huyu alikuwa na mdomo kama mkasi wake, lakini moyo wake mzuri, na kwa sufuria hiyo alikuwa hajalala vizuri siku mbili. Sufuria haibebeki, ikabidi Bibi ashuke yeye.

Alishuka ameshikilia ukuta. Tangu adhuhuri ngazi zilikuwa zimeanza kumchezea, moja inakuwa mbili. Na masikioni kulikuwa na mvumo, mdogo, kama redio iliyokosa stesheni. Akajikaza kisabuni. Alipofika mbele ya ile sufuria akainama, akatega sikio, na hakusikia kitu zaidi ya ule mvumo wake mwenyewe.

Bubu, akasema moyoni. Haina chumvi kabisa.

Akachukua mwiko, akajigeuza, akapiga ulimi. "Tia konzi mbili."

"Mbili?" Mshonaji aliweka mikono kiunoni. "Mama, mimi nimeshatia."

"Mimi na wewe nani amepikia watoto mia nne?"

"Wewe, Mama. Unatuambia kila siku."

"Basi tia mbili."

Mshonaji akatia konzi mbili. Alitia chumvi laini, ile ya pakiti, inayojaa kiganjani bila kuacha hata upenyo. Bibi maisha yake yote konzi zake zilikuwa za chumvi ya mawe.

Msikiti uko ng'ambo ya barabara, na dirisha la Bibi linaangalia bomba la kutawadhia. Jioni ile, baada ya yeye mwenyewe kufuturu na ule mvumo kuanza kuondoka, alikaa dirishani na kikombe chake cha chai. Akaona watu wawili wanatoka kwenda bombani. Akasema, wanatawadha. Wakatoka watano. Hawakunawa miguu. Waliinama, wakaweka midomo kwenye bomba. Muda si muda foleni ikafika getini, wazee kwa vijana, hakuna anayesema neno, kila mmoja anamstahi mpishi. Mzee yule wa mlangoni, aliyekuwa ameshakula sahani ya Bibi, alikaa pale pale akiwaangalia, shibe yake imetulia.

Ilipofika tarawehe, imamu ambaye siku zote husoma sura ndefu, jioni ile alisoma fupi fupi, na kati ya moja na nyingine alisikika kwenye spika anameza mate.

Kikombe cha Bibi kikapoa mkononi.

Mshonaji alipanda ngazi bila kuvua kitambaa cha jikoni. Muuguzi alimfungulia.

"Sufuria imerudi robo tatu," mshonaji alisema. "Na salamu. Wanasema wanashukuru sana, na kama nitakuwa na maji ya ziada. Miaka minane nimesubiri zamu hii." Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Halafu sauti yake ikashuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Simlaumu Mama. Uzee. Huwa ulimi unatangulia kufa. Hata mama yangu mzazi alianza hivyo hivyo."

Muuguzi aligeuka. Uso wa binti ukawa umeondoka, umebaki uso wa kazini.

"Mama, tangu lini husikii ladha?"

"Nasikia."

"Konzi mbili juu ya chumvi iliyokolea, hukusikia. Labda ni sukari, labda ni mishipa. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Watakulaza wakuangalie."

Bibi aliwatazama wote. Mwenye hadithi anakuomba umwonee huruma hapo, maana maji yalikuwa yamemfika shingoni. Akinyamaza, siri yake imepona, Ramadhani yake imepona, lakini kuanzia kesho yeye ni kizee kilichokufa ulimi, na zile sahani za miaka thelathini na mmoja zote zinarudi zikiwa zimejaa. Akisema, ulimi umepona, na mlango anafungiwa, arudi dirishani.

Mke Mwenza alikuwa amefumba mdomo kwa viganja viwili.

"Ulimi wangu mzima," Bibi alisema. "Sikuonja."

"Hukuonja leo?" mshonaji aliuliza.

"Sijaonja hata siku moja. Nilikuwa nimefunga."

Bibi akatia mkono kifuani, akatoa kiboksi cha kibiriti, akakiweka mezani. Muuguzi akakifungua. Vidonge vitano vilikuwa vimelala mle, vimepangwa vizuri. Akavihesabu kwa kidole kimoja, mara mbili, halafu akaenda chumbani. Wote walifikiri anakwenda kulia. Alirudi na kipimo cha sukari. Akamtoboa mama yake kidole, akasubiri namba, akaiangalia, akatoa pumzi.

"Ungeanguka kwenye zile ngazi," alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika. "Ningekuta umelala pale chini. Mimi nauguza watu wa watu kutwa nzima, Mama."

"Najua, mwanangu."

"Kwa nini?"

Bibi alisugua kile kidole kilichotobolewa. "Nyote mlikuwa mmeingia," alisema. "Mimi nilibaki nje na sahani."

Mshonaji alikuwa anaangalia sakafu. Mabega yake yakaanza kutikisika, wakadhani analia kwa huruma. Alikuwa anacheka. "Siku tatu," alisema akijifuta macho. "Foleni mpaka kwenye ngazi, na anatuambia ulimi, mwanangu, ulimi. Mie nimetia kiazi kwa amri ya mtu ambaye hajaonja."

"Kilinyonya?"

"Kilinyonya, Mama. Ndicho ninachoshangaa."

Kesho yake saa nne asubuhi imamu alikuja mwenyewe. Sauti ilikuwa imemkauka. Alikaa, akakohoa, akamtazama Bibi kwa muda.

"Nimeambiwa kila kitu," alisema. "Bibi, ukimpelekea jirani sahani ya chakula, umempikia kwa mapenzi, naye akakurudishia mlangoni, akasema nashukuru, mimi nina nguvu, utamwonaje?"

"Ana kiburi."

"Ile ruhusa uliletewa na nani?"

Bibi akakiangalia kile kidole kilichotobolewa.

"Na jambo la pili," imamu aliendelea. "Nina watu mia moja waliofunga, na hakuna anayeweza kuwaonjea. Anayeonja na kumeza sharti awe hajafunga. Kwenye jengo hili lote Mungu ametuwekea mtu mmoja. Jana huyo mtu hakuwepo kazini, na umeona yaliyotupata."

"Na thawabu yangu?"

"Hiyo siigawi mimi. Mimi jana nimegawa maji tu."

Bibi alifikiri. "Kula mbele ya watu waliofunga ni kugumu, imamu. Kugumu kuliko kufunga."

"Sikusema ni rahisi."

Siku hiyo hiyo, saa saba mchana, Bibi alitandika mkeka jikoni. Kidonge kilikuwa juu ya kisosi, sahani mbele yake. Mke Mwenza alikuwa amekaa mbele yake mikono imekunjwa. Leo hataki nusu, amesema anakwenda mpaka jioni, na midomo ilikuwa imeshaanza kumkauka. Bibi alipomwangalia, mkono wake ukasita juu ya sahani. Aliutamani ukavu ule kama wengine wanavyotamani asali.

Kisha akafumba macho, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia ndani ya shuka, akasema, "Nimenuia kula leo, kwa ajili yako, Mungu wangu, kwa kuwa umeniruhusu."

Akameza kidonge. Akatia tonge la kwanza mdomoni. Lilikuwa gumu kama funga ya siku ya kwanza, na lilishuka taratibu, naye akalisikia mpaka lilipofika.

Saa kumi mshonaji alileta kibakuli, akakishika kwa mikono miwili kama kitu cha kulipuka. Bibi alichota, akatia mdomoni, akameza mbele ya macho yake. Mshonaji aliangalia koo likipanda na kushuka.

"Haina chumvi kabisa," Bibi alisema. "Umeogopa."

"Nisiogope vipi, Mama? Nitie kiasi gani?"

"Konzi moja." Akafikiri. "Nusu. Na ulete hiyo chumvi yenyewe niione."

Mshonaji alipoondoka, Bibi alichota kijiko cha pili, maana chakula kisicho na chumvi nacho ni chakula. Mke Mwenza alikuwa bado anamtazama.

"Bibi. Kitendawili."

"Tega."

"Anakula mchana, na bado yumo ndani."

Bibi aliacha kutafuna. Jibu alilijua tangu neno la pili. Lakini hajawahi kumpa mtoto yule ushindi hata siku moja, na mdomo wenyewe ulikuwa umejaa. Akanyoosha mikono juu.

"Nimeshindwa, Mke Mwenza," alisema, akimeza. "Nakupa mji. Ila utaufagia mwenyewe."